Kudai Bila Leseni

Kampuni ya dhamana ilimkataa LaVonne Aasen, na aliyeachiwa kazi ya kumwambia ni Curt Schaible, wakala wa bima wa mji wa Nordby, mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiketi nyuma yake kanisani na kukitazama kisogo chake kila Jumapili. Curt hakujua aanzie wapi. Aliisifu mvua, akasema ngano mwaka huu itasimama vizuri, akauliza hali ya Duane, akammiminia mgeni kahawa ambayo hakuiomba. LaVonne alikuwa ameifanya kazi ya kudai madeni muda mrefu, na mtu anayezungukazunguka alimtambua mara moja.

"Curt, sema tu. Wamekataa?"

"Wamekataa, dada. Si mimi. Mimi niliwaandikia barua nzuri kabisa."

Jimbo la Dakota Kaskazini halimruhusu mtu kudai deni la mwenzake bila leseni, na leseni haitoki bila dhamana, yaani kampuni ya bima isimame nyuma yako na kuahidi kwamba ukitoroka na pesa ulizokusanya, wao watalipa. Leseni hufa kila mwisho wa Juni, na kila mwaka LaVonne alikuwa akiihuisha kama mtu anayekata nywele. Safari hii kampuni ilichungulia rekodi zake, ikakuta kwamba mkusanya madeni wa Nordby naye anadaiwa. Dola elfu arobaini na tatu, za helikopta.

Curt aliyasoma maneno ya kampuni kwa sauti ya chini, maana karani aliyekuwa nyuma ya ukuta ni mpwa wake na mdomo wake haukuwa na kufuli. Kulikuwa na njia mbili. LaVonne alipe deni lote, au apate mtu mwenye mali aweke sahihi pamoja naye. LaVonne aliuliza, mtu kama nani, na Curt akakitazama kikombe chake. Curt alikuwa amerithi mashamba ambayo huwezi kuyamaliza kwa macho ukiwa umesimama juu ya trekta. Lakini huko Nordby mtu haombi, na asiyeombwa halazimiki kukataa, na kwa utaratibu huo watu wameishi kwa amani tangu babu zao washuke kwenye treni. LaVonne aliinywa kahawa yote, akashukuru, akatoka.

*

Helikopta ilikuja vuli iliyopita, siku Duane alipoanguka kwenye banda la mashine na mdomo wake kwenda upande. Zahanati ya mji ilisema hapa hapatoshi, apelekwe Fargo sasa hivi. Nani huuliza bei ya helikopta mumewe akiwa hawezi kulitamka jina lake mwenyewe? Duane alipona nusu. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, mkono wa kulia ukagoma. Bima ililipa kidogo, ikageuka upande wa pili, na kilichobaki kikauzwa kwa kampuni ya wakusanyaji ya jimbo la mbali.

Tangu hapo alikuwa akipiga simu mtu aliyejiita Bwana Preston. LaVonne alijua hilo si jina lake. Katika kazi hiyo kila mtu ana jina la simu, ili wadaiwa wasije wakamtafuta nyumbani kwake. Hata yeye kwenye simu aliitwa Bi Grant, ingawa mjini hapo hakuna aliyedanganyika. Alijua pia kwa nini Preston hupiga wakati wa chakula, kwa nini huuliza kwanza hali ya mgonjwa, na kwa nini huacha swali la pesa mpaka umelainika. Mambo hayo yote yeye mwenyewe aliwahi kuwafanyia watu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Jioni ile Duane alikuwa akikoroga viazi kwa mkono wa kushoto, nusu vikibaki sufuriani na nusu vikimwagika juu ya jiko. Mkewe alimweleza habari ya Curt. Alimaliza, akaketi bila kuvua viatu.

"Mngeniacha bandani," alisema Duane. "Banda lilikuwa bure."

"Usianze."

"Nasema tu. Elfu arobaini na tatu. Hata fahali wa maonyesho hawafikii bei hiyo, na mimi hata mbegu sina."

LaVonne alicheka bila kutaka, kisha akalia kidogo, naye Duane akijifanya anatafuta chumvi. Hesabu ilikuwa imefungwa pande zote. Bila kulipa deni hapati dhamana. Bila dhamana hapati leseni. Bila leseni haruhusiwi hata kuinua simu kumwambia mtu "unakumbuka ile bili ya matairi?" Na bila kuinua simu atalipa deni kwa kitu gani?

*

Juni ikaisha. LaVonne alipeleka maombi yake hivyo hivyo, dhamana ikiwa bado, na idara ya jimbo inayotoa leseni ikayaweka kando kuingoja. Alifunga ofisi, duka la zamani la viatu lililo kando ya benki, akaandika mlangoni kwamba yuko likizo. Mji mzima ulijua kwamba LaVonne Aasen hajawahi kwenda likizo, na mji mzima ukamtakia likizo njema.

Katika wiki ya kwanza ya Julai alikufa mzee Gudrun, aliyekuwa akipiga kinanda kanisani, na baada ya mazishi watu walishuka kwenye ukumbi wa chini kula. Ilikuwa kama kawaida: mikate midogo ya nyama ya nguruwe, bakuli za viazi vilivyookwa kwa jibini, keki za akina mama kila moja na jina la mwenyewe limebandikwa chini ya sahani, na kahawa nyepesi inayokuonyesha kitako cha kikombe. LaVonne alikuwa kwenye zamu ya kumimina kahawa. Ndipo Orlin Tveit alipomjia.

Orlin alikuwa mzee wa miaka themanini na zaidi, mrefu, amepinda kidogo, na bado alikuwa akifagia kwenye ghala la nafaka asubuhi. Mkewe Inga alikuwa amelazwa zahanati muda mrefu kabla ya kufa, na deni la kitanda chake lilikuwa mikononi mwa LaVonne. Mzee alilipa kila mwezi dola thelathini, taslimu, kwa mkono, na daima mahali hapo kanisani, kwa sababu alisema hundi ni za watu wasioaminiana. Siku hiyo alitoa noti zake kwenye mfuko wa shati, zimekunjwa ndani ya leso safi.

"Ndizo za mwisho hizi, binti Harald," alisema. Alikuwa akimwita hivyo kwa jina la baba yake. "Hesabu mwenyewe uone. Tumemaliza."

LaVonne alikuwa na birika mkono mmoja. Akaliweka. Kwa miaka yote hiyo mikono yake ilikuwa imejifunza jambo moja tu, kwamba mdaiwa akitoa pesa, pokea kabla hajabadili mawazo, mpe risiti kabla hajageuka. Hivyo ndivyo ilivyofanya. Alitoa kitabu cha risiti kwenye mkoba, akaandika tarehe, akaandika kiasi, na chini yake kwa herufi kubwa akaandika AMELIPA YOTE, akatia sahihi. Orlin aliisoma pole pole, akaikunja ndani ya leso palipokuwa na noti. Kisha akampa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

LaVonne alirudi kwenye birika lake akiwa na furaha. Alikuwa amefika nyumbani na kuvua nguo za msiba ndipo jambo lenyewe lilipomjia, akalazimika kuketi kitandani. Alikuwa amepokea deni la mtu bila leseni, mbele ya nusu ya mji, na kuliandikia tarehe kwa mkono wake. Mkulima asingekosea hivyo, wala mwalimu, wala hata mwizi.

Hakumwambia Duane.

*

Jumatatu Preston alipiga tena, akasema sasa wataanza kufikiria kukamata mapato yao na nyumba. Alipokata simu LaVonne akafanya kitu ambacho alijishangaa hakukifanya tangu mwanzo. Idara ya jimbo huweka hadharani orodha ya kampuni zote zenye leseni ya kudai madeni. Yeye mwenyewe kila mwaka hupenda kuangalia jina lake humo. Alifungua kompyuta, akaandika jina la kampuni ya Preston. Haikuwemo. Akaandika kwa namna nyingine, akajaribu jina la kampuni mama. Hakuna. Miezi yote hiyo walikuwa wakimtisha mtu wa Dakota Kaskazini, nao hawana ruhusa ya kumdai hata sumni.

"Duane! Njoo uone."

Duane alikuja akichechemea. Alisoma, akasoma tena.

"Kwa hiyo wao ndio wezi?"

"Wao ndio hawana leseni."

"Basi tuwafanye nini? Tuwatie kamba?"

"Nawashtaki," alisema LaVonne, na kwa mara ya kwanza tangu vuli Duane akamwona mkewe aliyemwoa.

Alimpigia Bwana Feist, ofisa wa idara aliyeshughulikia leseni za wakusanyaji, mtu wa sauti kavu na subira nyingi. Feist alisikiliza mpaka mwisho. Alisema kampuni isiyo na leseni haiwezi kudai humo jimboni. Angeiamuru iache mara moja. Na zaidi ya hapo, angeweza kuandika kwamba deni hilo lina mgogoro, na barua ya namna hiyo mara nyingi huwatosha watu wa dhamana. LaVonne akipata dhamana, leseni yake itatoka ndani ya wiki chache.

LaVonne alimshukuru mara mbili.

"Kuna jambo moja tu, Bi Aasen, na naliuliza kwa kila mwenye maombi mezani kwangu," alisema Feist. "Tangu leseni yako iishe, umedai mtu yeyote, au kupokea malipo yoyote? Kama ndiyo, maombi yanakataliwa, na hutaomba tena mpaka mwaka upite. Jibu lako utaliweka kwa kiapo."

Alimwambia Feist kwamba kuna chungu jikoni kinachemka, na kwamba atampigia kesho. Hakukuwa na chungu.

*

Aliipanga vizuri, maana kupanga alijua. Pesa za Orlin zilikuwa bado kwenye bahasha, hazijafika zahanati. Nakala ya risiti ilikuwa kitabuni mwake, na karatasi ya kitabu huchanwa ikatoka. Kilichobaki ni ile moja aliyokuwa nayo mzee. Angemrudishia dola zake thelathini, aichukue risiti, na leseni ikitoka angezipokea upya na kumwandikia nyingine. Wiki chache tu. Hakuna atakayeumia. Njia nzima ya kwenda kwa Orlin, vumbi likipanda nyuma ya gari, alilirudia hilo la kuumia.

Nyumba ya mzee ilikuwa ndogo na safi, na ilinuka sabuni. Alimkaribisha, akamwekea kahawa na biskuti za dukani, akaomba radhi kwa kuwa si za kuoka. Risiti ilikuwa kwenye mlango wa friji, imeshikwa na sumaku, chini ya picha ya Inga akiwa na kitambaa cha kichwa cha jikoni. Ilikuwa peke yake hapo. LaVonne alielewa kwamba vitu vingine vilivyokuwa mlangoni vimeondolewa kuipisha.

"Nimemwambia binti yangu wa Fargo," alisema Orlin. "Nilipiga simu mwenyewe. Anajua namna ninavyochukia simu."

LaVonne alieleza. Alieleza leseni, dhamana, helikopta, yule Preston, swali la Feist. Ilimpasa aseme pia kwamba yeye mwenyewe anadaiwa, na alipofika hapo sauti yake ikashuka kama ile ya Curt. Akaiweka bahasha mezani. Alipomaliza, Orlin aliinuka, akaitoa risiti chini ya sumaku, akailaza mezani mbele yake na kuinyoosha kwa kiganja.

"Chukua," alisema.

"Asante, Orlin. Ni wiki chache tu, nakuapia."

"Sawa. Nikuulize tu nijue." Alikuwa anaitazama karatasi, hamtazami yeye. "Jioni hii ninapolala, nadaiwa au sidaiwi?"

LaVonne angeweza kusema neno la faraja. Lakini swali lilikuwa la kazi yake, na kazi yake hakuwahi kuisemea uongo.

"Unadaiwa," alisema.

Orlin akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kesho kutakuwa na upepo.

"Basi nakuomba usinipigie tena kule ghalani," alisema. "Wale vijana walinicheka sana mara ile."

LaVonne aliikumbuka mara ile. Ilikuwa miezi michache baada ya kumzika Inga. Mzee alikuwa amechelewa, na Bi Grant akapiga ghalani wakati wa mapumziko, akijua simu ya pale ina spika na kila mtu anasikia. Ilikuwa mbinu nzuri. Wiki ileile alianza kulipa. Aliona haya mpaka masikio yakamwasha, haya ambayo ilipaswa aione miaka hiyo yote na hakuiona.

Aliisukuma risiti upande wa mzee, akaichukua tena bahasha ya pesa.

"Hudaiwi," alisema. "Nilikosea. Umelipa yote, Orlin, na ushahidi huo hapo."

"Na wewe je?"

LaVonne alitafuta funguo za gari. Mzee alimsindikiza mpaka kwenye gari, akamfungulia mlango, akamwambia awe mwangalifu na kulungu barabarani.

*

Asubuhi alimpigia Feist, akamwambia ndiyo, alipokea malipo, dola thelathini. Alisema kwa ukali, kana kwamba Feist ndiye aliyezipokea. Feist akauliza kama ana hakika anataka aliandike hilo. Akasema andika.

Aliandika. Maombi yalikataliwa. Faini haikuwa kubwa, kwa heshima ya umri wake katika kazi. Kampuni ya Preston nayo iliamriwa iache, na kwa kweli ikaacha. Simu ya chakula cha jioni ikakoma, na Duane akawa anaitazama simu kana kwamba ni mbwa aliyeacha kubweka. Zahanati, duka la matairi na watu wa gesi wakahamishia madeni yao kwa kampuni kubwa ya Fargo. Mwenye jengo alibandua jina la LaVonne kwenye kioo, akamwambia pole.

Tusidanganyane: alijuta. Alijuta Septemba alipopata kazi ya kugawa chakula katika jiko la shule, amefunika nywele kwa wavu, akimpakulia viazi mtoto wa mtu ambaye yeye aliwahi kumdai. Alijuta zaidi Oktoba tangi la gesi lilipohitaji kujazwa. Duane hakumlaumu, na hilo lilimchosha kuliko lawama.

"Mzee mwenyewe ana miaka themanini," alisema Duane siku moja tu. "Angeweza kungoja."

"Angeweza," alisema LaVonne.

Novemba, theluji ya kwanza ikiwa chini, simu ililia wakiwa mezani. LaVonne aliinua. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, si ya haraka. Alijitambulisha. Alisema deni la helikopta sasa liko kwao, wamelinunua. Na kabla hajaulizwa lolote alitaja namba ya leseni ya kampuni yake, akaitaja pole pole ili mwenye kuandika aandike.

Duane aliacha kula.

"Waulize kama wana leseni," alinong'ona.

LaVonne alimwomba mwanamke yule angoje. Alifungua kompyuta, akaandika namba. Walikuwemo. Jina, anwani, dhamana imelipwa, tarehe ya mwisho Juni ijayo. Hapakuwa na kosa hata moja. Alitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Wanayo," alisema.

"Ya jimbo letu?"

"Ya jimbo letu."

Duane akauweka uma chini. LaVonne aliinua simu tena, na yule mwanamke akakitaja kiasi, dola elfu arobaini na tatu na riba yake, halafu akanyamaza. LaVonne aliujua ukimya huo. Unataja kiasi, unafunga mdomo, hata dakika nzima ipite, kwa sababu atakayesema wa kwanza ndiye atakayelipa. Alikuwa amewafundisha hivyo wasichana watatu waliowahi kufanya kazi ofisini kwake, akiwaambia wajing'ate ulimi ikibidi. Kwa hiyo naye akanyamaza. Nje jirani alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa akipumua bila wasiwasi, kama mtu aliyeketi vizuri, na LaVonne akaelewa kwamba aliyemfundisha huyu alimfundisha sawasawa.

"Mnapokea tarehe ngapi?" akauliza LaVonne.